Kikosi chenye kazi moja tu kwenye gemu ya mikakati, ni kasoro kweli?

Mjenzi_Ramani

Wakuu habari zenu. Nina swali limenikaa kichwani na nataka mawazo ya watu wanaocheza au wanaotengeneza gemu za mikakati, za kompyuta au za mezani zote sawa.

Natengeneza gemu ya zamu kwa zamu, ramani ya vigae vya pembe sita, majeshi mawili, mito mingi. Ndani yake kuna kikosi nakiita fundi daraja, kazi yake moja tu, anafika ukingoni anajenga daraja basi. Hapigani, habebi mtu, hakuna kingine. Kuna na mpelelezi ambaye kazi yake ni kumfichua adui aliyejificha msituni. Sasa jamaa anayenisaidia kuijaribu kaniambia hivi viwili ni kasoro, eti kitu chenye kazi moja hakileti uamuzi wowote, ukikuta mto unaleta fundi, usipoona unaleta mpelelezi, mchezaji hafikirii anatimiza orodha tu. Anataka nivitoe kabisa au nivipe kazi nyingine mbili tatu.

Nusu namuelewa. Chukulia mwanaakiolojia wa Civilization VI (ya 2016), ile gemu ya kujenga dola. Unajenga jumba la makumbusho, unamtoa, anazunguka kuchimba, nafasi tatu za jumba zikijaa kazi imeisha. Mfananishe na yule wa Civilization V, aliyekuja na nyongeza ya Brave New World mwaka 2013. Yule akifika eneo la kale unaulizwa, unabeba kifaa ukakiweke kwenye jumba lako au unaacha alama ya kihistoria pale pale kwenye ramani? Ukiiacha kwenye ardhi ya mji-dola (mji mdogo unaojitegemea) unajipatia urafiki wake. Mtu yuleyule, kazi ileile, lakini pale mwishoni kuna kitu cha kuamua na mimi nilikuwa nasimama nafikiria kila mara.

Nusu sikubali pia, maana Age of Empires II ina trebuchet, ile mashine ya kurusha mawe. Mbele ya wanajeshi wanaotembea ni kama haipo, imewekwa kubomoa majengo tu, na nusu ya mechi nzuri nilizowahi kuziona zimezunguka hiyo mashine. Kama kazi moja ni kasoro mbona ile inafanya mechi inoge?

Kwa hiyo naomba kuuliza, tatizo liko kwenye idadi ya kazi kweli au liko sehemu nyingine? Nisaidieni kabla sijaanza kufuta vitu.

---

kete_nyeusi

Mkuu mimi niko upande wa jamaa yako moja kwa moja. Kila kanuni unayoongeza kwenye gemu ina bei, na bei yenyewe ni kichwa cha mchezaji, lazima aisome aikumbuke na aiwaze kila zamu hata kama haitumii. Sasa kama unamlipisha bei hiyo halafu kanuni inamsaidia kwenye hali moja tu, umemuibia. Kwenye kompyuta angalau mashine inakumbuka kwa niaba yake, ila mezani ni balaa, utaona watu wanafungua kitabu cha kanuni kila dakika kumi kutafuta kitu ambacho kitatumika mara moja kisha kisahaulike.

Ukitaka kuona upande wa pili wa hili cheza Into the Breach, ya 2018. Uwanja ni vigae nane kwa nane tu, roboti zako tatu, na silaha nyingi zinafanya kitu kimoja cha ziada ambacho ni kusukuma. Basi. Lakini huo msukumo mmoja angalia unavyofanya kazi: unamsukuma adui majini anazama, unamsukuma kwa mwenzie wote wawili wanaumia, unamsogeza kigae kimoja tu na pigo lake alilokuwa ameshalielekeza kwenye jengo linaenda kumpata mwenzake, unaweza hata kumsukuma rafiki yako atoke kwenye hatari. Hakuna kikosi cha kuzamisha watu, hakuna kikosi cha kugeuza mapigo, vyote vimetoka kwenye tendo moja. Hapo ndio unasema mtu kakaa chini kabuni.

Halafu kwa upande wa Civilization VI mimi kinachoniudhi zaidi ya mwanaakiolojia ni dini. Wamishonari na mitume wanapita mipaka ya watu bila kuomba ruhusa, mitume wanaanzisha vita vya mahubiri dhidi ya wenzao wa dini nyingine, majeshi ya kawaida hayawagusi mpaka mtangaze vita. Ni gemu nyingine kabisa imelazwa juu ya gemu ya kwanza, mtu asiyetaka dini hana cha kufanya zaidi ya kutazama umeme ukipiga kwenye miji yake. Kila kipande kina kazi yake moja na vipande havizungumzi na sehemu nyingine ya ramani.

Fundi daraja wako toa. Mpe askari wa miguu uwezo wa kujenga daraja akikaa zamu mbili ukingoni bila kupigana, umemaliza, kikosi kimoja kimepungua na mchezaji ana uamuzi, nipigane au nijenge.

---

nahodha_pembesita

Nimesoma yote mawili na naona mnahesabu kitu ambacho hakihitaji kuhesabiwa. Idadi ya kazi sio kipimo. Kipimo ni hivi, hicho kitu kinagombania nini na nini kingine ndani ya gemu, na mpinzani anapokiona anabadilisha nini.

Nawapa mfano ambao naupenda sana kwa sababu ni tendo lilelile kabisa limewekwa kwenye gemu mbili. StarCraft ya 1998, Terran (jamii ya binadamu) wana jengo la ComSat Station, linabandikwa kwenye Command Center, jengo lao kuu, kazi yake ni kuskani kipande cha ramani na kufichua wasioonekana. Kazi moja. Nishati yake haiendi popote kwingine. Ukishaijenga kila skani inakuwa kama ya bure hivi, swali linalobaki ni niskani sasa au niiweke akiba. Sawa kuna uamuzi mdogo pale mwanzo kwamba Command Center moja inabandikwa ComSat au ghala la nyuklia, sio vyote, ila kwa mechi nyingi jibu linajulikana.

Njoo StarCraft II ya 2010. Skani ileile, inafichua vilevile, haijaongezewa hata kazi moja. Lakini sasa inatoka Orbital Command, yaani Command Center iliyoboreshwa, na inakula nishati 50, na nishati hiyohiyo 50 ndiyo unaitia MULE, ile mashine ya kuchimba madini, na nishati hiyohiyo 50 ndiyo inakushushia mzigo wa kuongeza nafasi ya jeshi ukikwama. Kwa hiyo ukiskani umejinyima madini, kila skani ina bei na bei yake inaonekana kwenye uchumi wako dakika moja baadaye. Na mpinzani anajua! Anaweza kutengeneza kikosi kimoja tu kisichoonekana, akakionyesha mara moja, halafu asikitumie tena, wewe uendelee kuchoma skani kwa hofu huku uchumi wake unakupita. Skani haikuongezwa kazi, iliwekewa mshindani.

Ndio maana ushauri wa kusema "ipe kazi nyingine mbili tatu" mimi nauogopa. Ukigawa kazi kwa kila kikosi unafika mahali kila kimoja kinafanya kila kitu, na kikishakuwa hivyo kuna kimoja kitakuwa bora kwa jumla na watu watajenga hicho tu. Na rasilimali ni hivyohivyo, dhahabu ya Civilization V ilikuwa inanunua karibu kila kitu, majengo, majeshi, mpaka urafiki wa miji-dola, na miji-dola ndiyo ilikuwa na kura za ushindi wa kidiplomasia, matokeo yake ushindi ambao ulitakiwa uwe wa maneno na mahusiano ukawa wa nani ana hazina nene. Hiyo ni rasilimali yenye kazi nyingi na iliua mkakati mzima.

Trebuchet aliyoitaja mwenye mada inafanya mechi inoge kwa sababu masafa yake yanazidi ya kasri, kwa hiyo mwenye kasri hawezi kukaa ndani akasubiri, lazima atoke nje aje kuivunja. Na ili ipige lazima ifunguliwe isimame, ili itembee lazima ifungwe, kwa hiyo mwenye nayo lazima aweke watu wa kuilinda pale ilipo. Kazi moja, lakini imewahamisha wachezaji wawili wote kwenye nafasi zao. Petard wa gemu hiyohiyo naye ni wa majengo tu, anajilipua anaondoka, na hatumuoni akizungumziwa hivi, kwa nini? Kwa sababu hakuna kinachoendelea baada yake, ama kafika ama hajafika.

---

Mdau wa Mezani

Nakubaliana na nahodha ila naongezea upande wa gemu za zamani, maana huku ndiko ushahidi ulipo mwingi na umejaribiwa na vizazi.

Go, ule mchezo wa kuweka mawe kwenye ubao, ina kanuni ya ko. Imewekwa kwa sababu moja, bila hiyo wachezaji wawili wangeweza kulana jiwe mojamoja mahali palepale milele na mchezo usiishe. Kanuni inasema ukiliwa pale huwezi kurudisha hapohapo kama ubao utarudi ulivyokuwa, lazima kwanza ucheze kwingine. Mwisho, hakuna zaidi. Lakini sasa tazama, kwa kuwa lazima ucheze kwingine, unatafuta mahali ambapo ukitishia mpinzani atalazimika kukujibu, akijibu unarudi kula. Na yeye anafanya vivyo hivyo. Ghafla kona moja ya ubao inategemea vitisho vilivyobaki kona nyingine, na mchezaji mzuri anaanza kuhesabu vitisho vyake mapema, hata hachezi baadhi ya hatua nzuri kwa makusudi ili azihifadhi kwa ajili ya pambano la ko litakalokuja. Kanuni ya kazi moja imeunganisha ubao mzima. Mimi sijui kanuni nyingine fupi iliyozaa mkakati mkubwa hivi, na nimecheza gemu nyingi.

Chesi nayo, kuna ile ya askari kumla askari mwenzie aliyeruka vigae viwili akampita pembeni. Inaruhusiwa hatua inayofuata tu, ukichelewa haki imepotea. Ipo kwa ajili ya kuziba tundu moja, kwamba askari waliporuhusiwa kuruka vigae viwili mwanzoni ili mchezo uende haraka wangeweza kumkwepa askari wa adui anayewasubiri. Mechi nyingi zinaisha haijatokea. Lakini kila anayesukuma askari wake vigae viwili mbele ya askari aliyesogea sana lazima aifikirie, kwa hiyo inafanya kazi hata isipochezwa.

Na kubadilishana nafasi kwa mfalme na ngome, mara moja tu kwa mechi, na ukishamsogeza mfalme au ngome hiyo, haki imekufa. Watu wanatoa kafara kete nzima ili tu mfalme wa mpinzani alazimike kusogea na abaki katikati. Unaona? Thamani yake kubwa iko kabla haijatumika.

Kwenye kadi, Twilight Struggle ya 2005, karibu kila kadi unaitumia kama tukio au kama pointi za kufanyia mambo, na ukicheza kadi ya mpinzani kwa pointi tukio lake linatokea na yeye anafaidika. Sasa kuna njia ya pembeni, mbio za anga za juu, unatupa kadi mbaya kule na tukio halitokei. Ukiitazama peke yake ni kanjia kadogo ka kurusha dadu, utasema katolewe. Ukikatoa gemu inabadilika sura maana mtu akishika mkono wa kadi mbaya hana pa kupumulia, na hata hivyo kwa kawaida ni kadi moja tu kwa zamu, kwa hiyo swali linakuwa ni tukio gani kati ya haya mabaya ndilo siwezi kabisa kulivumilia. Naipenda sana hiyo sehemu.

---

kete_nyeusi

Mdau hoja zako nzito nazikubali, ila naomba tutenganishe. Ko na zile za chesi ni kanuni, zipo kwa wote wawili tangu mwanzo, hununui. Fundi daraja ni kitu unachokijenga kwa rasilimali. Kanuni ya kazi moja inakaa kimya mpaka inapohitajika, kikosi cha kazi moja kinakula pesa na nafasi muda wote, mto ukishavukwa kinabaki kinazurura nyuma ya jeshi. Hilo halijajibiwa.

Na hata Firaxis wenyewe, watengenezaji wa Civilization, naona waliliona, maana imani, ile rasilimali ya dini kwenye Civilization VI, haikubaki ya kununua wamishonari tu. Kuna jengo la serikali linakuruhusu kununua majeshi ya nchi kavu kwa imani, na kwenye zama za dhahabu ukichagua Monumentality unanunua mpaka walowezi. Pale ndipo mimi mtu nisiyependa dini nikaanza kujenga maeneo matakatifu. Ni kuongeza kazi ndiko kulikonivuta, sio kingine.

---

nahodha_pembesita

Sawa hapo kwa imani nakubali, ila angalia kilichotokea, mmishonari hakuongezewa kitu, bado anaeneza dini tu. Kilichofunguliwa ni mfuko anaonunuliwa nao. Sasa ukinunua mmishonari umejinyima mlowezi. Kwangu mimi ni habari ileile ya skani.

Kuhusu fundi anayezurura, swali langu kwa mwenye mada ni moja, daraja likishajengwa nani anapita?

---

Mjenzi_Ramani

Kwa sasa upande uliojenga tu. Niliona ni haki, aliyegharamia ndiye afaidi. Adui akitaka kupita ajenge lake. Na daraja halibomoki.

---

nahodha_pembesita

Basi mkuu hapo ndipo penyewe, fundi wala hana kosa. Daraja la mtu mmoja lisilobomoka ni ufunguo, ukiwa nao mlango umefunguka na mto umefutika kwenye ramani kwa upande wako, hakuna cha kuwaza tena. Fanya daraja liwe la wote. Ukijenga, umefungua njia ya kwenda kwake na umefungua njia ya yeye kuja kwako. Sasa hapo fundi yuleyule wa kazi moja analeta maswali mangapi? Nijenge wapi, karibu na jeshi langu kubwa au mbali ambako hatarajii ila sina walinzi? Nijenge sasa au nisubiri mpaka niwe na watu wa kulishika? Nijenge mawili, moja la kumvuta aweke walinzi pale? Na yeye akiona fundi wako anasogea mtoni anapata habari, anajua unataka kuvuka kabla hujavuka, kwa hiyo unaweza hata kumtuma fundi asijenge kitu.

Halafu lifanye libomoke, mtu yeyote aliyesimama juu yake alibomoe akitaka. Fundi hatazurura tena nyuma ya jeshi maana ukirudi nyuma ukibomoa daraja lako utamhitaji siku ya kwenda tena, na adui atakuwa anamuwinda kuliko anavyowinda mizinga yako.

Wazo la kete_nyeusi la askari kujenga sio baya ila lina shida, kila mahali palipo na askari kutakuwa na daraja linalowezekana, kwa hiyo mpinzani hawezi kusoma nia yako na hana wa kumuwinda. Mto unakuwa tope tu, unachelewesha.

---

kete_nyeusi

Daraja la wote hapo umenishika, nilikuwa nalifikiria kama kifaa cha mtu. Lakini usimwache fundi awe wa bei rahisi, akiwa rahisi watu watajenga madaraja matano na swali la "wapi" litakufa. Mfanye achukue nafasi ya kikosi cha kupigana.

Na mpelelezi je? Huyo mimi bado nasema atoke, kumfichua aliyejificha hakuna daraja la wote pale.

---

Mdau wa Mezani

Mpelelezi naomba nimtetee mimi, na kwa mara moja natoka mezani narudi StarCraft II. Jamii zote tatu zina wa kufichua wasioonekana. Raven wa Terran anafichua na anaweka bunduki za kujiendesha, Overseer wa Zerg anafichua na anatoa kiumbe cha kujifanya askari wa adui, Observer wa Protoss anafichua tu na kuona. Kwa hesabu ya jamaa wa majaribio Observer ndiye angekuwa mbovu wa wote. Lakini yeye mwenyewe haonekani, kwa hiyo kumuua lazima na mpinzani alete wake wa kufichua. Na anatoka Robotics Facility, jengo lilelile linalotoa Immortal na Colossus, kila ukimtengeneza umechelewesha mashine nzito ya vita. Wachezaji wanawaza sana wamtoe lini, kwa sababu ukimtoa mapema jeshi lako ni jepesi na ukichelewa unaweza kufa hujaona aliyekuua.

Kwa hiyo mkuu Mjenzi, mpelelezi wako atokee kambi ileile inayotoa kikosi chako kizito kuliko vyote, sio kambi yake mwenyewe. Na mruhusu ajifiche msituni kama wale anaowatafuta. Ukifanya hivyo msitu unakuwa na wapelelezi wa pande zote mbili wanatafutana, na atakayeingiza askari wa kawaida mule hajui anaonwa na nani.

---

Mjenzi_Ramani

Kwa sasa ana kambi yake, na bei yake ni ya chini kuliko vikosi vyote. Nahamisha leo. Daraja la wote nimeshaliweka, kubomoa nalo, ila nimezuia kubomoa zamu ileile ulipovuka maana nilipolijaribu mtu alikuwa anavuka, anabomoa, na adui hana hata zamu moja ya kujibu. Mnaonaje, zamu moja inatosha au nifanye mbili?

---

nahodha_pembesita

Moja. Ukiweka mbili aliyejenga atakuwa hana uhakika wa kulikata wakati anafukuzwa, na hapo ndipo kubomoa kunapokuwa na maana zaidi. Ila mwenye kubomoa abaki upande aliopo, asibomoe akarukia ng'ambo.